Daftari la Msoma Mita

Baba yangu, Pazi, alisoma mita za maji
miaka ishirini na sita, juu ya Foniksi nyeusi
yenye kengele iliyolia kama mtu anayekohoa kwa adabu.
Aliacha shati la kaki, deni la unga dukani kwa Mangi,
na daftari lililolowa pembe,
lenye njia tano za kuuzunguka Msimbazi kwa baiskeli.

Hakuandika kilomita. Aliandika:
*Daraja la Salender hadi Jangwani, pumzi moja.
Jangwani hadi Kigogo, pumzi mbili na matope.
Vingunguti, ziba pua, usizibe macho.*

Jumapili moja ya Februari, saa kumi na mbili kasoro,
Chausiku akaja na baiskeli ya gia,
kofia ngumu, chupa mbili, simu yenye ramani.
Mimi nikaitoa Foniksi, nikaipaka grisi,
nikalifunga daftari kwenye keria kwa ukanda wa tyubu.
"Tufuate lipi?"
"La marehemu. Likikosea, hatabisha."

Jangwani daftari linasema: *mkono wa kushoto, kwa Bi Mwanahawa,
mita nyuma ya jiko, jogoo mkorofi, chai ipo.*
Tukautafuta mkono wa kushoto.
Palikuwa na ngazi tatu za saruji zisizopanda popote
na ukuta wa kimo cha goti, una alama ya X, nyekundu bado.
Chausiku akaketi ngazi ya juu, akamenya chungwa.
Mita niliiona. Kioo kimepasuka, ndani konokono,
namba imegoma kwenye elfu nne mia mbili na saba.
Nikainakili chini ya mwandiko wake.
Ankara ya nani, sijui.

Kupita Kigogo, simu ikasema kuna njia.
Daftari likasema kuna njia.
Mto ukasema hakuna.
Ulikuwa umehama masika yaliyopita,
kama mpangaji anayedaiwa kodi, usiku, bila kuaga,
ukaacha kitanda chake cha mchanga
na vijana wenye sepetu wakipakia Fuso.
Mmoja wao, Shomvi, akaitwika Foniksi begani:
mia tano kuvuka. Ile ya gia, elfu moja,
"maana hiyo ina mambo mengi."

Ng'ambo, nikisubiri chenji, nikafunua ukurasa
uliogandamana kwa jasho au chai. Kati ya namba za mita,
kwa penseli, mzee wangu ambaye sikumjua kwa mashairi:

*Mto hauna mlango, wala hauna mwenyewe,
hausikii maringo, haukwami penye jiwe;
ukiujengea kingo, utakuja uchukuwe;
kanyaga, inua shingo, upite usichelewe.*

Nilihesabu mizani kwa vidole, mara mbili.
Imetimia. Chausiku akasema, "Kumbe,"
akanywa maji, asiseme tena mpaka Segerea.

Kinyerezi tulisukuma. Jua la saa sita
lilikalia migongo yetu kama gunia la mkaa.
Mabwawa, mabati mapya, reli, mbuzi juu ya kifusi,
mama anauza vitumbua akatuuliza tumekosa nauli?
Halafu udongo ukaanza kuwa mweupe, hewa ikapoa,
na mto ukawa kitu ambacho mtoto angekiruka
akiwa na ndoo kichwani.

*Njia ya tano: Pugu, chimbuko.*
Chini yake, karatasi tupu.
Mabomba yake yaliishia bondeni, naye aliishia na mabomba.
Miaka yote hiyo akiyahesabu maji
pasipo kuona yanakotoka.

Hapo ndipo gurudumu la nyuma likapumua, *psss*,
mwiba, basi, mwiba wa kawaida.
Nikachomoa tyubu, nikaizamisha kwenye maji maangavu,
nikaizungusha taratibu kati ya viganja
mpaka viputo vikapanda, vitatu vitatu,
mto ukanionyesha tundu lilipo.

Nikafuta mikono kwenye suruali. Nikaandika:
*Pumzi sijui ngapi. Pancha moja.
Maji yapo. Mita hakuna.*